Mita Ilisema Swichi Ni Nzima

Desemba iliyopita nilikuwa kwenye Land Rover ya baba mdogo, tunatoka Isyonje kwenda Uyole na magunia ya viazi nyuma. Saa mbili usiku, ukungu ule wa kule juu mnaoujua mliosoma Mbeya. Taa zilikuwa za njano kama mshumaa. Halafu ikaja harufu ya plastiki kuungua, na taa zote mbili za mbele zikazima kwa pamoja kwenye kona. Ba'mdogo akafunga breki. Roli lililokuwa nyuma yetu likapita kwa honi ndefu, sijui lilitukosa kwa kiasi gani na sitaki kujua. Akaipiga swichi kwa kiganja, taa zikarudi.

“Huwa inafanya hivi,” akasema.

Kumbe ilikuwa inafanya hivyo tangu Agosti. Alishapeleka kwa fundi umeme mara mbili. Betri ilibadilishwa. Globu zikabadilishwa, na kwa kuwa taa zilikuwa hafifu akauziwa zenye nguvu zaidi, za wati 100 kwa fulu na 90 kwa dimu. Zikawaka vizuri siku chache, zikarudi kuwa njano. Swichi ilipimwa ikaambiwa ni nzima.

Mimi nasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa pili, kwa hiyo kesho yake asubuhi nikaonekana ndiye wa kutatua. Nikachukua mita, nikachomoa nyaya za swichi, nikaweka kwenye ohmu, nikagusa nguzo mbili. Ikalia piii. Ikasoma 0.4. Nikagusanisha ncha za mita zenyewe, ikasoma 0.3. Nikatangaza kwa kujiamini kabisa: swichi ni nzima. Yaani nilirudia kosa lilelile la fundi ambaye sijasoma naye darasa moja.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana kosa hili tunafundishwa kulifanya maabara bila kujua. Mita ikiwa kwenye ohmu inapitisha mkondo mdogo sana. Testa ya kitaa wanayotumia mafundi nayo inakula robo ya ampea hivi. Sasa dimu mbili za wati 90 ni wati 180. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 15. Swichi inayopitisha robo ya ampea bila shida haijakuambia chochote kuhusu ampea 15. Ni kama kupima daraja kwa kumpitisha kuku. Na ile tofauti ya 0.1 niliyoipuuza, kwa mita ya bei ya mwanafunzi, iko ndani ya kosa la mita yenyewe.

Kipimo sahihi ni kuacha kila kitu kimeunganishwa, taa zinawaka, mita iko kwenye volti. Unapima kati ya nguzo ya kuingilia na ya kutokea ya swichi ileile. Swichi nzima hupoteza kidogo sana. Ikivuka volti 0.2 mimi naanza kuitilia shaka. Jioni, baada ya kuaibika vya kutosha, nilipima hivyo. Betri, taa zikiwaka, volti 12.2. Kwenye globu, 9.4. Yaani volti 2.8 zimepotelea njiani. Nikazitafuta moja moja: swichi ya dashibodi 1.9, swichi ya mguu ya kubadili dimu na fulu 0.4, ethi ya taa kwenye bodi 0.3, nyaya zilizobaki 0.2. Hesabu ikafunga.

Mwanga wa globu haupungui sawasawa na volti, unaporomoka haraka zaidi. Kwenye volti 9.4 badala ya 12.2 unabaki na chini ya nusu ya mwanga. Na zile volti 1.9 hazikupotea hewani. Mkondo ulikuwa karibu ampea 13, maana globu zenye njaa ya volti zinavuta pungufu. Zidisha, unapata kama wati 25. Hiyo ni pasi ya kuchomelea risasi, imefichwa ndani ya swichi ndogo kuliko kibiriti, nyuma ya dashibodi, masaa mawili kila usiku. Harufu tuliyoisikia ilikuwa hiyo. Na angalia mtego: taa zikififia unaweka globu kubwa zaidi, globu kubwa zinavuta mkondo zaidi, swichi inaungua zaidi, taa zinafifia zaidi.

Kilichonitisha kuliko yote ni mchoro wa waya. Pikapu hii ni Series IIA ya mwaka 1970, ile ya chasi ndefu ya inchi 109. Waya wa kahawia unaoleta umeme kwenye swichi ya taa haupiti kwenye fyuzi yoyote. Waya huo ukichubuka ukagusa bodi, hakuna kitu cha kukata moto isipokuwa waya wenyewe kuyeyuka.

Kubadilisha swichi yenyewe ni kazi ya nusu saa. Toa waya wa betri kwanza, na kwa gari lenye waya usio na fyuzi hili si la hiari. Fungua skrubu za paneli ya katikati, ivute taratibu kuja kwako, utaona migongo ya saa na swichi. Piga picha kwa simu. Rangi zinasaidia: kahawia ni umeme unaoingia, nyekundu ni taa ndogo, bluu inakwenda taa kubwa, na baada ya swichi ya mguu bluu yenye mstari mwekundu ni dimu, yenye mstari mweupe ni fulu. Lakini gari la miaka hamsini na zaidi limepita mikono mingi, usiamini rangi mpaka umepima. Swichi inashikwa na nati ya duara kwa mbele. Niliifungua ya zamani kwa udadisi: kikopa kimekuwa cheusi, plastiki imelainika hadi kimelegea. Unaweza kupiga msasa, itafanya kazi wiki chache; unakuwa umekwangua na ile ngozi nzuri ya juu.

Dukani niliuziwa swichi iliyoandikwa ampea 10, volti 250. Hiyo ni ya umeme wa nyumbani, unaobadili mwelekeo mara mia kwa sekunde na kuzima cheche wenyewe. Wa betri hauna huruma hiyo. Tena globu ikiwa baridi ukinzani wake ni kama sehemu moja ya kumi ya ikiwa moto, kwa hiyo kila unapowasha, swichi inapigwa na mkondo mara kadhaa ya kawaida. Nikairudisha, kwa ugomvi kidogo.

Ba'mdogo alitaka swichi ileile ya asili, kwa sababu gari lilikuwa la marehemu babu na hataki kitu cha ajabu kwenye dashibodi. Tukaipata ya aina hiyo, lakini nikamwomba tuongeze rilei mbili chini ya boneti ambazo hakuna atakayeziona. Namba 30 inachukua umeme betri kupitia fyuzi, 87 inatoa kwenda taa, 86 inapokea ule waya wa zamani wa dimu au fulu, 85 ni ethi. Sasa swichi inapitisha mkondo wa kuamsha rilei tu, sehemu ndogo ya ampea moja. Kila taa nikaipa fyuzi yake ya ampea 15, ya kushoto mbali na ya kulia, kwa sababu fyuzi moja kwa zote ingekata ingetuzimia tena zote kwenye kona. Waya mpya wa milimita mraba 2.5. Ethi nikaikwangua hadi chuma kikang'aa. Globu zikarudi kuwa 60 na 55.

“Unaniwekea ndogo?” akauliza.

Usiku tukapima: betri 12.3, kwenye globu 11.9. Akazima, akawasha, akaenda kusimama mbele ya gari akiwa amekinga macho kwa mkono. Akaniuliza kama naweza kuangalia na mota ya waipa.