Dalali wa Nyumba na Amani ya Nyumbani

Wanandoa wengi mmechoka kulipa kodi na mmeanza kuweka akiba mpate kwenu. Basi huulizana jioni: tumwendee dalali, au tujitafutie wenyewe? Swali hili si la fedha tu. Kiwanja kimewahi kuwatenganisha mume na mke kuliko hata ulevi.

Kwanza fahamuni kazi ya dalali, au ajenti kama wengine wanavyomwita. Yeye humkutanisha anayeuza na anayenunua. Malipo yake ni fungu la bei, na kwa kawaida hutoka kwa muuzaji baada ya mauzo kukamilika. Hilo si kosa, ndiyo riziki yake. Lakini fikirini kidogo: bei ikipanda, fungu lake nalo hupanda, nanyi mkikawia kuamua, yeye hulala bila kitu. Hata akiwa mtu mwaminifu, na waaminifu wapo, msitazamie awe mshauri wenu.

Dalali hufaa mkiwa mbali. Mnafanya kazi Mombasa na mnataka nyumba Nakuru, nauli ya kwenda na kurudi kila wiki itamaliza akiba. Hufaa pia mkiwa wageni wa mji na hamjui bei za mtaa. Lakini kama jirani anauza, au mwenzenu wa jumuiya, ya nini kumwita mtu wa tatu? Fedha hizo mlipeni wakili na mpima ardhi.

Mkiamua kumtumia, muulizeni kama amesajiliwa. Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi tangu mwaka 1984, nayo iliunda bodi ya kuwasajili. Msitosheke na kadi nzuri aliyochapisha. Ulizeni kwenye bodi yenyewe.

Halafu kuna kazi ambazo hapaswi kuwafanyia. Sachi katika ofisi ya ardhi ifanyeni wenyewe au kupitia wakili wenu, siyo wakili wa muuzaji. Itawaonyesha jina la mwenye ardhi, na kama hati imewekwa rehani benki au ina zuio. Wengine huonyeshwa cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, wakaambiwa "ni sawa tu na hati". Si sawa. Kisha mpima ardhi awaonyeshe mipaka kwa ramani, maana kiwanja mlichotembezwa huenda si kile chenye namba iliyoandikwa. Kama ni shamba la kilimo, lazima kibali cha Bodi ya Ardhi kipatikane.

Jambo moja madalali wengi hulipita haraka: mke wa muuzaji yuko wapi? Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mume au mke kuuza mali ya ndoa yao bila idhini ya mwenzake. Mwombeni dalali awakutanishe na wote wawili. Mama wa nyumba hiyo akiwatazama kwa mshangao, rudini kwenu.

Sasa tuje kwenu ninyi. Dalali humpigia baba simu akiwa kazini: "Kuna mteja mwingine amefika na pesa taslimu, lete kidogo nikushikie." Baba anakimbilia mkopo wa chama cha akiba, anatoa. Mama anakuja kujua mwisho wa mwezi, karo inapokosekana. Hata kama kiwanja ni kizuri, ndani ya nyumba pana jeraha. Na msidhani ni waume tu. Wapo akina mama waliotoa fedha za chama chao kimyakimya, wakitaka kumshangaza bwana.

Kwa hiyo, kabla ya kumwona dalali, kaeni chini mwandike kiasi ambacho hamtakipita. Ongezeni humo ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani, pamoja na ada ya wakili na ya mpima. Kubalianeni kwamba hakuna atakayetoa hata shilingi ya "kushikia" peke yake. Jibu liwe moja: "Nitarudi na mwenzangu." Mkataba wa ardhi sharti uandikwe, utiwe sahihi na kushuhudiwa, na malipo ya kwanza yapitie kwa wakili, siyo mfukoni mwa dalali.

Siku ya kuandikisha hati, semeni mapema kwamba mnataka majina mawili. Sheria hiyo ya 2013 humkumbuka hata asiyeandikwa, lakini itambidi mjane aeleze hayo mahakamani, mbele ya mashemeji. Ni rahisi zaidi kumwambia wakili leo, mkiwa mmeketi pamoja, na namba za vitambulisho vyote viwili mkononi.