Kuandika ĩ na ũ kwenye Kompyuta

Kumbukumbu za mkutano zikiandikwa kwa Kĩmĩrũ au Kĩembu bila alama juu ya i na u, msomaji hubaki kukisia, kwani lugha hizi zina irabu saba, si tano.

Katika Word kwenye Windows, andika U+0129 kisha ubonyeze Alt na X pamoja, ĩ itatokea. Kwa ũ, andika U+0169. Fonti ikikosa herufi hizo, Word huziazima kwa fonti nyingine, na neno huonekana limetiwa kiraka. Basi bonyeza Ctrl na D. Katika kisanduku cha Font, chagua Times New Roman, ukubwa wa 12 (wazee watashukuru kwa 14), kisha Set As Default, na ukubali hati zote za kiolezo cha Normal. Hati mpya zitaanza hivyo. Za zamani zirekebishwe moja moja.