Kirumi, Kijiji cha Mvua: Somo kwa Kamati za Usharika



Katika toleo hili tumechagua somo ambalo huenda baadhi yenu mtashangaa kulikuta katika jarida la Kanisa. Ni historia ya Kirumi, kijiji cha Isanzu katika Wilaya ya Mkalama, kaskazini mwa mkoa wetu wa Singida. Sababu yetu ni ya kikazi. Kamati zinapoandika maombi ya kisima, lambo au mbegu za mtama, hujaza ukurasa wa "historia ya eneo", na mara nyingi historia hiyo huanzia mwaka ambao usharika ulifunguliwa. Wafadhili husoma na kudhani kwamba kabla ya hapo hakuna aliyewahi kujisumbua kuhusu maji. Kirumi watu wamejisumbua kwa vizazi vingi, hata utawala wao waliujenga juu ya jambo hilo.

Kwa wasomaji walio mbali: Isanzu iko kusini mwa Ziwa Eyasi. Kaskazini wanaishi Wahadzabe, mashariki Wairaqw, magharibi Wasukuma na kusini Wairamba. Wenyeji ni Wanyisanzu. Wenyewe hujiita Anyihanzu. Mkoa wa Singida hupata mvua ya kama milimita 500 hadi 800 kwa mwaka, katika msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Shida si kiasi peke yake. Mvua huweza kuanza vizuri, watu wakapanda, kisha ikakatika kwa majuma matatu mtama ukiwa bado mchanga, na hapo mwaka umekwenda. Aliyelima huku hahitaji kuelezwa kwa nini wazee waliiweka mvua katikati ya kila kitu.

Masimulizi ya wazee yanasema mababu walitoka kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Kazi ya mvua ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Anyampanda, na makao yao yalikuwa Kirumi. Hapa tunaomba kila kamati isome taratibu. Watemi wa Kirumi walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, wa ukoo huo mmoja, na kazi ya mvua haikufanyika bila wote wawili. Tena, kwa kuwa ukoo hufuata upande wa mama, mtemi mwanamume hakurithiwa na mwanawe bali na mtoto wa dada yake.

Mvua yenyewe nayo husemwa kuwa ya kiume na ya kike. Ya kiume huja na ngurumo, hupiga kwa nguvu muda mfupi na kupita. Ya kike hunyesha taratibu na kwa muda mrefu. Zote mbili zinahitajika. (Bwana shamba yeyote atakubali: ya kwanza hujaza lambo, ya pili huotesha mtama.)

Mwanzoni mwa msimu, kabla majembe hayajaanza kazi, watemi waliufungua mwaka pale Kirumi. Kaya zilipeleka mtama, na mbegu zilizotiwa dawa zilirudi mashambani. Mvua isipofika, wazee walikwenda kutambika kwa mababu kwa mnyama mweusi, kwa kuwa hiyo ndiyo rangi ya wingu lenye mvua. Ikizidi kukataa, wanawake walitoka kucheza ngoma yao ya mvua, na wanaume walipaswa kukaa mbali. Mambo haya hayakuandikwa na wasafiri waliopita kwa siku mbili. Virginia Adam alifanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Todd Sanders aliishi na wenyeji kwa muda mrefu katika miaka ya 1990, akatoa kitabu mwaka 2008. Kati ya watafiti hao wawili ni miaka 30, na wote walikuta watu wakiitazama Kirumi kwa ajili ya mvua.

Katikati serikali zilibadilika. Wajerumani walijenga boma Mkalama kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliofuata walitawala kwa kupitia machifu, hasa baada ya Gavana Donald Cameron kufika mwaka 1925. Utaratibu wao ulihitaji chifu mmoja wa kukusanya kodi na kuamua mashauri, wakamtambua mwanamume. Mtemi mwanamke hakuwa na nafasi katika makaratasi, lakini katika kazi ya mvua alibaki palepale. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta uchifu nchi nzima, na hilo nalo halikuiondoa mvua Kirumi. Tunawaomba wafadhili walifikirie jambo hili, kwa sababu fomu nyingi za miradi hadi leo zina mstari mmoja tu wa sahihi ya "kiongozi wa jamii", na katika vijiji vyetu mstari huo hujazwa na mwanamume, wakati wanaojua kisima kipi hukauka mwezi gani ni wanawake wanaobeba ndoo.

Injili ilifika Iramba kwa wamisionari wa Leipzig kutoka Ujerumani, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaanza Ruruma. Katika miaka ya 1920 Waluteri wa Augustana kutoka Marekani waliichukua kazi hiyo na kuieneza, Isanzu ikiwemo. Hospitali ya Iambi na shule ya walimu ya Kinampanda zilitokana na kazi yao. Hayo mengi mnayajua. Lisilojulikana sana ni kwamba Leipzig, kabla ya kufika Kilimanjaro mwaka 1893, ilikuwa tayari imefanya kazi kusini mwa India kwa zaidi ya miaka 50, na huko ilirithi kituo cha Tranquebar, ambacho leo kinaitwa Tharangambadi, kijiji cha pwani cha Watamil.

Habari za Tranquebar zinatuhusu. Bartholomäus Ziegenbalg alishuka hapo Julai 1706, akajifunza Kitamil, akatafsiri Agano Jipya, na kanisa alilolijenga likawekwa wakfu mwaka 1718. Lakini alifanya na jambo lililowaudhi wakubwa zake. Mwaka 1713 alimaliza kitabu kizima kuhusu miungu ya Watamil, alichokiandika kwa kuwauliza wenyeji na kusoma maandiko yao. Halle ilikataa kukichapa, kwa hoja kwamba alitumwa kuung'oa upagani, si kuutangaza Ulaya. Kitabu kilichapwa mwaka 1867, yeye akiwa amekufa tangu 1719. Ziegenbalg hakuiabudu miungu ile hata siku moja. Alitaka tu kujua jirani yake anaamini nini kabla ya kusema naye.

Warithi wake wa Leipzig walikutana na swali gumu zaidi, la matabaka. Je, Mkristo wa tabaka la juu aruhusiwe kuendelea kujitenga na ndugu yake wa tabaka la chini? Karl Graul, aliyekuwa mkurugenzi wa Leipzig, aliona ni desturi ya jamii ambayo Injili ingeilainisha polepole. Misheni nyingine ziliona ni dhambi ya kuachwa kabla ya kuingia kanisani. Kwa maoni yetu Graul aliwasubirisha mno wale waliokuwa chini kabisa. Hata hivyo swali alilouliza linafaa Isanzu kama lilivyofaa India: katika desturi ya kijiji, kipi ni ibada na kipi ni ujirani?

Chukueni mfano wa Mkristo anayeombwa debe la mtama kwa ajili ya Kirumi. Akitoa, mzee wa Kanisa anaweza kumwita amuulize. Asipotoa, na mvua ikakatika Januari, majirani watakumbuka nani hakutoa. Msimamo wa Kanisa kuhusu tambiko unajulikana nasi hatuupunguzi: hatuombi kwa mababu. Lakini kamati isimwache mkulima huyo peke yake katikati. Someni pamoja Matendo ya Mitume sura ya 14, Paulo na Barnaba wakiwa Listra. Watu wameleta ng'ombe tayari kuwatolea sadaka. Mitume wanaikataa sadaka kwa nguvu zote, hata kurarua mavazi yao, na papo hapo Paulo anawaambia kwamba Mungu aliye hai hakuwaacha bila ushuhuda hata siku za nyuma, kwa kuwa ndiye aliyewapa mvua na majira ya mavuno. Anaanza na kitu ambacho wanakijua. Usharika unaopanga ibada ya kuomba mvua mapema, mwanzoni mwa msimu, na kuwaalika majirani wote bila kuulizana dini, umempa mkulima huyo mahali pa kusimama.

Lipo jambo zito kuliko debe la mtama. Ukame ukizidi, watu huacha kutazama mawingu, wakaanza kutafutana. Isanzu wapo wanaoamini kwamba mvua inaweza kufungwa na mchawi, na imani ya namna hiyo haiko Isanzu tu. Anayetajwa huwa mtu wa kweli mwenye jina na nyumba, na katika sehemu nyingi za nchi yetu wanaoumia zaidi kwa tuhuma za uchawi ni wanawake wazee. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inakataza kumtuhumu mtu hivyo, lakini polisi wako mbali na usiku wa kijiji ni mrefu. Kamati ya usharika iko karibu. Tunaomba kila mtaa uwajue bibi wanaoishi peke yao, uwatembelee Januari na Februari hasa, na mkutano wa kijiji unapoitishwa kuhusu mvua, wazee wa Kanisa wasikose. Wakae mbele, na wazungumze mapema kabla jina la mtu halijatajwa.

Kuhusu miradi yenyewe. Kabla ya kuonyesha mahali pa kuchimba, kamati ichore ramani ya kijiji pamoja na wazee, wanawake na wanaume, wakiwemo wasio Wakristo, na iweke alama kwenye makaburi, mapango, miti na mahali pa matambiko. Mahali hapo pasiguswe. Hatusemi hivyo kwa kuogopa mizimu. Miti ambayo haikukatwa kwa sababu ya heshima mara nyingi ndiyo iliyobaki kushika udongo na maji, na mtu aliyeheshimiwa huchangia nguvu zake kwa moyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inakipa kijiji nafasi ya kupanga matumizi ya ardhi yake, hivyo ramani hiyo ipelekwe kwa Halmashauri ya Kijiji, isibaki kwenye jalada la usharika.

Kwa kikao kijacho, kila kamati ijadili maswali haya. Katika kijiji chenu, nani waliokuwa na kazi ya mvua, na ukoo wao unaishi wapi leo? Mkristo wa kwanza wa mtaa wenu aliachana na nini, na nini hakuachana nacho? Ni mwanamke gani anayejua historia ya maji ya kijiji kuliko kamati nzima, na je, ameshaulizwa? Andikeni majibu kwa mkono, kurasa mbili au tatu zinatosha, pamoja na majina ya waliosimulia kama wameridhia. Nakala moja ibaki usharikani na nyingine iletwe ofisi ya miradi kabla ya mvua za kwanza.