Sponji ukutani si salama

Wengi wenu wanavikundi mmegawa jumba moja, huku nasari, kule mikutano. Mnatuuliza: tukibandika trei za mayai au sponji ukutani, kelele si zitaisha? Haziishi. Hupungua mwangwi tu ndani ya chumba, sauti yaenda kwa jirani vile vile. Kinachozuia sauti ni uzito.

Tena kelele ni jambo dogo. Sponji ya godoro hushika moto upesi mno, na moshi wake ni sumu. Mwaka 2013 huko Santa Maria, nchini Brazil, sponji ya kuzuia kelele iliwaka kwenye dari ya ukumbi wa dansi. Watu 242 walikufa, wengi kwa moshi, na mlango wa kutokea ulikuwa mmoja. Na sisi huku bado twawasha koroboi!

Udongo wetu, ambao wengine wanauonea haya, ni mzito na hauwaki. Kandikeni pande zote mbili, mzibe nyufa, mpandishe ukuta mpaka kwenye mabati, maana ile nafasi ya juu ndiyo hupitisha kelele na moshi. Walio na sponji tayari, ibandueni kabla watoto hawajarudi. Toboeni mlango wa pili, ufungukie nje.