Ukingo wa Dari

Andiko: Kumbukumbu la Torati 22:8

Somo la wiki hii linaanza na sheria ya ujenzi. Mungu aliagiza kwamba mtu akijenga nyumba mpya, azungushie dari yake ukingo, la sivyo akianguka mtu, hatia ni ya nyumba hiyo. Hapa Kwa Vonza wengi wetu tuna mabati, hakuna anayetembea juu. Lakini tazameni hosteli zilizojengwa karibu na SEKU. Juu ni zege, wanafunzi wanaanika nguo pale. Aliyejenga bila ukingo anachezea maisha ya watoto wa wenyewe.

Angalia andiko linamwagiza nani. Si mfalme, si jirani. Ni mwenye nyumba.

Sasa niwaambie yaliyonipata. Shule zilipofungwa Agosti, kijana wangu wa miaka tisa alianza kukataa kulala peke yake. Tukaomba, tukaikemea roho ya hofu. Siku ya nne mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, umeangalia anachotazama?"

Nikafungua programu ya filamu kwenye simu yangu, pale inapoonyesha zilizotazamwa. Kulikuwa na filamu ya mauaji, imeandikwa 18. Nikamwita kwa ukali. Akajibu kwa sauti ya chini, "Ilikuwa hapo mwanzo, Baba. Wewe ndiye uliianza."

Ni kweli. Niliianza mimi usiku mmoja, nikaiachia katikati, na programu ikaiweka mbele ikingojea mtu wa kuiendeleza. Nilikosa la kusema. Nilimwomba mtoto msamaha, na leo nawaomba ninyi pia. Sisemi maombi hayafanyi kazi. Nasema tuliomba huku dari haina ukingo, na aliyeuacha wazi ni mimi.

Serikali ina sehemu yake. Bodi ya kuainisha filamu, KFCB, huweka alama: GE ni ya wote, PG ni kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Sheria yake ilitungwa 1962, wakati filamu ilionyeshwa ukumbini na mlangoni kuna mtu. Nazo runinga za kawaida hazitakiwi kuonyesha mambo ya watu wazima kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Netflix ilipoingia Kenya Januari 2016, bodi ililalamika kwamba filamu zake hazikuwa zimepitia kwake. Lakini filamu inayokuja kwa bando haina mlango wa ukumbi, wala haingoji saa nne. Mtu wa mlangoni sasa ni wewe mzazi.

Chuoni nilisomea biashara. Tulifunzwa kwamba mkaguzi wa hesabu huja mara moja kwa mwaka, lakini ufunguo wa sanduku la pesa uko nawe kila siku. Alama ya 18 ni kazi ya mkaguzi. Ufunguo ni wako.

Fanya haya wiki hii:

1. Mfungulie mtoto profaili ya watoto, na yako uifunge kwa PIN. PIN ya M-Pesa humpi. Hii pia usimpe.

2. Kila Jumamosi pitieni pamoja orodha ya yaliyotazamwa. Yako mwenyewe, mwonyeshe mwenzi wako.

3. Keti na mtoto mzungumze. Kumbukumbu 6:7 inatutaka tuwafundishe watoto tukiwa tumeketi nyumbani. Mtoto atapata simu kwa jirani, na PIN yako haitafika huko. Mafundisho yako yatafika.

Maswali ya ushirika wa nyumbani:

- Ni kitu gani kwenye simu yako usingependa mtoto akiendeleze ulipoachia?
- Mtoto wako akiona kitu cha kumtisha, anaweza kukuambia bila kuogopa kiboko?

Tuombe: Bwana, tusamehe pale tulipowakemea watoto kwa makosa tuliyoyaanza sisi. Tupe bidii ya kujenga ukingo, na uanze na sisi wazazi. Amina.