Mjane na Posa ya Pili

Imekuwa ada katika miji yetu ya mwambao kwamba mwanamke akifiwa na mumewe, naye ameshaingia utu uzima, huhesabiwa kuwa mambo yake ya dunia yamekwisha. Akija mtu kumposa, wanawe hununa, majirani hunong'ona, na neno la "mtu mzima hovyo" halimkosi. Na tutazame basi yaliyompata Mama wa Waislamu, Ummu Salama, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie.

Jina lake ni Hind binti Abi Umayya, wa Bani Makhzum. Alihamia Uhabeshi pamoja na mumewe, Abu Salama. Kisha walipotaka kwenda Madina, jamaa zake wakamzuia yeye, na jamaa wa mume wakamnyakua mwana. Karibu mwaka mzima akawa hutoka kila siku akakae Abtah akilia, mpaka wakamhurumia. Baada ya taabu hiyo yote, mumewe akajeruhiwa katika vita vya Uhud (mwaka 3 wa Hijra, yaani 625). Jeraha likapona juu juu, kisha likafumuka, akafariki mwaka wa 4, akamwachia watoto.

Bwana Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba aliyefikwa na msiba aombe thawabu na badali iliyo bora. Ummu Salama aliiomba dua hiyo, na huku nafsi yake ikimwuliza: ni nani huyo aliye bora kuliko Abu Salama? Neno hili wasomaji wasilipite kwa haraka. Mapenzi yake kwa marehemu hayakumtoka, wala hakuambiwa ayatoe.

Eda ilipokwisha, imepokewa kuwa Abubakar alimposa, akakataa. Na Umar vilevile. Alipoposa Bwana Mtume mwenyewe, alitoa nyudhuru tatu: ana wivu, umri wake umesogea, na ana watoto. Hakukaripiwa. Aliambiwa kwamba wivu ataombewa Mungu auondoe. Umri, yeye Mtume ni mkubwa zaidi. Na watoto ni juu ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Ndipo akaolewa.

Ama hukumu zenyewe, eda ya kufiwa ni miezi 4 na siku 10 (Al-Baqara, aya 234), na mwenye mimba ni mpaka azae. Ndani yake haijuzu kuposa kwa uwazi. Kuashiria hapana lawama. Na wako warithi wanaomtisha mama yao kwamba akiolewa hana tena thumni yake ya urithi. Huo ni uzushi. Haki hiyo ilithibiti siku mume alipokufa.

Ajabu zaidi ni vijana wanaosema, "Sisi hatumwozi mama." Nani aliyewapa amri hiyo? Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, mwana si walii wa mamake kwa uwana wake. Walii ni baba, kisha babu, kisha ndugu wa kiume na wanaofuatia. Na walii akimzuia na mume wa kufu aliyemridhia, huozwa na kadhi. Naye mjane haozwi mpaka atamke kwa ulimi wake kuwa ameridhika. Kunyamaza kwake hakutoshi.