Yai la Chango Linasubiri Kivulini

Mtoto wa miaka miwili amejisaidia uani. Mama anazoa kinyesi kwa jembe na kukitupa migombani. Siku ya tatu kimekauka, mvua ikinyesha hakionekani tena, na mwezi ukiisha watoto wanachimba udongo pale pale wakipika chakula cha mchezo kwenye vifuu. Watu wazima tunapaona pasafi. Kwa upande wa chango, hapo ndipo pamekuwa pabaya.

Yai la chango likitoka tumboni bado ni changa, haliwezi kumwambukiza mtu siku hiyo. Linahitaji wiki 2 hadi 4 kwenye udongo wenye joto, unyevu na kivuli ili mnyoo mdogo akomae ndani yake. Likishakomaa, linaweza kukaa udongoni kwa miaka. Na si yai moja: chango jike mmoja hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku. Wanaosema kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara wamekosea sana, kwani watoto ndio wenye minyoo mingi.

Ganda la yai hili ni gumu. Klorini tunayotia kwenye maji ya kunywa hailiui. Sabuni nayo hailiui, ila hulibandua mkononi na maji yakaondoka nalo. Ndiyo maana kuchovya vidole kwa zamu kwenye bakuli moja kabla ya kula hakusaidii. Mtu mmoja ashike kata, amimine, maji yatiririke hadi kwenye kucha. Embe lililoanguka chini ya mti lioshwe vivyo hivyo. Mtoto akilifuta kwenye fulana, vumbi analoliona limetoka, yai asiloliona limebaki. Kinachoua mayai ni moto, na pia jua kali linalokausha udongo kabisa, jua ambalo chini ya mgomba halifiki.

Safura haina maisha marefu hivyo, lakini ina haraka. Mayai yake huanguliwa ndani ya siku 1 au 2, na baada ya siku 5 hadi 10 viluwiluwi wako tayari kupenya ngozi. Kwenye udongo mbichi wenye kivuli huishi wiki 3 au 4 wakingoja unyayo. Hawahitaji mdomo. Kwa hiyo ndala za kwendea shambani na chooni zisiwe za baba peke yake.

Kichocho ni kinyume chake. Viluwiluwi wanaotoka kwa konokono wa majini, hasa mchana jua likiwaka, wasipompata mtu hufa ndani ya siku 1 hadi 3, na nguvu zao hupungua mapema zaidi. Maji ya bwawani yakihifadhiwa siku 2 kamili kwenye pipa lenye mfuniko, lisilo na konokono, yanafaa kuogea. Kuogea tu. Vimelea vya kipindupindu vinaweza kuishi majini muda mrefu kuliko huo, hivyo maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote.

Dawa za minyoo shuleni zinasaidia, ila mtoto aliyezimeza leo akirudi kucheza migombani huambukizwa upya. Poti yake imwagwe chooni, na maji ya kuisuuzia yaende humo humo.